Mipira ya presha na sili za lori: mpangilio wangu wa kununua kwa magari ya Nyanda za Juu

Mwaka juzi, mwezi wa saba, lori letu la mbao lilishuka mteremko wa Kitonga, barabara ya Iringa kwenda Dar, likiwa na mpira wa stering, ule unaopeleka oili ya presha kwenye usukani, uliounganishwa siku moja kabla. Ulikuwa umepasuka pale Mafinga. Fundi akaukata palipotoboka, akachomeka kipande cha bomba katikati, akafunga klipu mbili kila upande na kuniambia, "Dada, hii inafika Dar na kurudi." Haikufika hata Ruaha Mbuyuni. Kwenye kona moja ya mteremko dereva alikata usukani, akasikia mlio kama wa tairi linalotoa upepo, na usukani ukawa mzito kana kwamba umefungwa mnyororo. Breki zilikuwa nzima na gari lilikuwa kwenye gia ndogo, akafanikiwa kulisimamisha ubavuni mwa mlima, tingo akaruka na kuweka jiwe. Hakuna aliyeumia, nami namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Nilipofika jioni niliuokota ule mpira. Ulikuwa mzima pande zote mbili, na klipu zilikuwa bado zimefungwa. Kile kipande cha bomba ndicho kilichochomoka, kikaiachia oili ikarukia injini na egzosti. Oili ya stering ikimwagikia egzosti iliyotoka kupanda mlima, gari linaweza kuwaka moto, na mzigo ulikuwa mbao kavu.

Tangu siku hiyo, mimi ambaye ndiye hununua spea za magari yetu, nikiingia dukani siulizi kwanza mpira ni wa kampuni gani. Nauliza nani atakayebana ncha zake, na kwa mashine gani. Mpangilio ulio hapa chini umejengwa juu ya swali hilo.

Kabla ya kutoa hela, soma maandishi yaliyo kwenye mpira

Mpira wa presha wa kweli umeandikwa ubavuni. Tafuta 1SN au R1, maana yake una tabaka moja la waya uliosukwa. 2SN au R2 ni tabaka mbili. 4SP ni tabaka nne za waya uliozungushwa. Kando yake kuna ukubwa wa tundu na tarehe ya kutengenezwa, kwa mfano 3Q22, yaani robo ya tatu ya mwaka 2022. Mpira usio na maandishi yoyote, hata ukiwa mnene na mweusi unaong'aa, uache hapo hapo kaunta. Uliokaa stoo zaidi ya miaka 10 nao uache, hata kama haujawahi kuona oili.

Sasa jambo linalowaponza wenye tipa wengi. Watu hudhani mpira mnene ndio wenye nguvu zaidi. Ni kinyume chake: kwa idadi ile ile ya waya, tundu likiongezeka presha inayobebeka inapungua. Mpira wa 2SN wa nusu inchi unabeba bari 275 za kazi (bari ni kipimo cha presha). Huo huo 2SN ukiwa wa inchi moja unabeba bari 165 tu. Wa 1SN ni 160 kwa nusu inchi na 88 kwa inchi moja. Kwa hiyo fundi akikwambia "weka huu mkubwa, una nguvu", mwambie akuoneshe maandishi. Ukihitaji mpira wa inchi moja kwa jeki ya tipa inayobeba mawe au kokoto, tafuta wa 4SP, unaofika bari 280. Ni mgumu kupinda na bei yake inauma, lakini ndio unaofaa pale.

Stering ya lori huweza kufika bari 150 au zaidi usukani ukikatwa hadi mwisho. Na hapo ndipo unapokatwa: kwenye kona za Kitonga, kwenye Mlima Nyoka, na uani unapogeuza gari lenye mzigo huku limesimama. Kwa mipira midogo ya stering, 2SN ndiyo ninayoiamini.

Namba moja: mpira mpya uliobanwa kwa mashine, mbele ya macho yako

Iringa pale Ipogolo, Makambako, na Mbeya kuanzia Uyole hadi Mwanjelwa, ukiuliza wenye malori utaelekezwa kwa wanaobana mipira ya haidroliki kwa mashine. Chukua mpira wako wa zamani mzima, ncha zote mbili zikiwepo, nenda nao. Usiende na kipimo cha kamba wala picha ya simu.

Niliponunua mpira uliochukua nafasi ya ule wa Kitonga, nilisimama kando ya mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana alikata mpira kwa msumeno wa duara, kisha akapuliza ndani kwa upepo wa kompresa. Hatua hiyo ya kupuliza wengi huiruka, na vumbi la waya na raba likibaki ndani linakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Akachomeka ncha ya chuma, akavuta kile kikombe kinachobana, akachora mstari wa kalamu nyeupe pale kikombe kinapoishia. Akabana. Akachukua vernia, akapima unene wa kikombe baada ya kubanwa, akaangalia kwenye jedwali la karatasi lililobandikwa ukutani, akarudisha mashineni na kubana tena kidogo tu. Nikamuuliza kwa nini karudia. "Dada, ukizidi unakata waya, ukipungua unachomoka. Hapa hakuna kukisia."

Huyo ndiye wa kumpa hela yako. Duka lisilo na vernia wala jedwali linabana kwa macho, na macho hayaoni nusu milimita.

Muulize pia kama kikombe anachotumia ni cha kumenya au cha kutomenya. Vipo vinavyotaka raba ya nje imenywe hadi waya uonekane, na vipo vinavyobana juu ya raba yake. Ukichanganya, mpira unaonekana mzuri siku ya kwanza na unatoka jasho wiki ya pili.

Halafu kuna nyuzi za nati. Lori la Kijapani, la Ulaya na la Kichina hayalingani, na nati ya milimita inaweza kuanza kuingia kwenye nyuzi za inchi, ikazunguka mara mbili tatu, ikakaza. Unadhani imekaa. Ukiona inakaza mapema kabla haijafika, usimruhusu fundi aongeze bomba kwenye spana. Koni ya ndani nayo ina pembe yake. Koni mbili za pembe tofauti zinagusana kwenye mstari mwembamba tu na zitavuja hata ukaze vipi.

Namba mbili: mpira orijino kutoka kwa wakala

Kwa ubora, huu ndio wa kwanza. Nimeuweka wa pili kwa sababu mara nyingi unaagizwa Dar, gari linalala siku kadhaa, na mara ya mwisho nilipolinganisha, bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa kubana hapa hapa. Lakini kuna mahali siubadilishi na kitu kingine. Mipira ya stering yenye bomba la chuma lililopindwa mara mbili tatu kukwepa fremu na tabo (turbo ya injini), nunua orijino. Mafundi hukata lile bomba na kuchomelea ncha mpya; sikubali, kwa sababu joto la kuchomelea hudhoofisha chuma pale pale kinapotikisika.

Na kama una lori la Kimarekani lenye injini ya mfumo wa HEUI, mfano Caterpillar 3126 au International DT466E, fahamu kwamba oili ya injini yenyewe husukumwa kwa presha inayoweza kupita bari 200 ili kuendesha nozeli. Paipu na oringi za upande huo zikivuja, hata kwa ndani usikokuona, gari linagoma kuwaka, hasa likiwa limepata moto. Hapo ni orijino tu, mipira na oringi zake zote kwa pamoja.

Namba tatu: kopi iliyotengenezwa tayari

Inakuja kwenye nailoni ikiwa na ncha zake, bei nafuu, na inapatikana kila duka la spea. Siidharau. Kwa mpira wa kurudisha oili kwenye tenki la stering, ambako presha ni ndogo, inatosha kabisa. Kwa upande wa presha nainunua tu ikiwa imeandikwa aina na tarehe, na naitumia kama ya akiba kwenye kebini.

Namba nne: wa mtumba, uliofunguliwa kwenye gari lililochinjwa

Watu wanaupenda kwa sababu "ni orijino ya Japani". Ni kweli, lakini orijino ya mwaka gani? Raba inazeeka kwa joto hata ikiwa safi kwa nje. Upinde taratibu karibu na ncha na uangalie kwa tochi: ukiona mipasuko midogo kama ya kisigino wakati wa baridi, urudishe. Pampu ya mtumba nanunua, hata stering boksi. Mpira wa presha wa mtumba nilishaacha.

Ya mwisho: kuunga kwa bomba na klipu

Hii haipo kwenye orodha ya kununua. Klipu ni ya maji ya rejeta na mipira ya kurudisha. Kwenye presha usikubali, hata kama umekwama usiku Nyororo na mvua inanyesha. Mlipe bodaboda alete mpira asubuhi.

Neno moja kuhusu mpira wa kunyonya, ule mnene utokao kwenye tenki kwenda pampu ya tipa. Una waya wa springi ndani ili usinywee. Ukiweka mpira wa kawaida mahali pake, unanywea pampu ikivuta, pampu inapiga kelele kama imejaa changarawe, na inakufa. Mwombe muuzaji ule wa R4.

Sili na oringi

Hapa pesa ni ndogo na makosa ni mengi. Sili ya oili ina namba tatu usoni, kwa mfano 55 78 12: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje, na unene, kwa milimita. Andika namba hizo kabla hujaitupa ya zamani. Kabla ya kuweka mpya, pitisha ukucha kwenye shafti. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani.

Kwa stering na haidroliki, raba ya NBR inatosha, inahimili joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Karibu na tabo, au sehemu zenye joto kali za injini, omba FKM, ambayo wengi huiita vaitoni. Inafika nyuzi 200. Rangi isikudanganye, kwani ya kahawia si lazima iwe vaitoni. Na usikubali kabisa oringi za EPDM, zile za breki za maji: oili inazivimbisha zikawa kama ugali uliolala ndani ya maji. Vivyo hivyo oili ya breki ikiongezwa kwenye tenki la stering huziharibu sili za NBR. Nimeona dereva akifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na stering boksi ikafunguliwa yote.

Sili za kisasa za shafti ya injini zenye mdomo mweupe au wa kijivu uliolala huwekwa kavu, bila oili wala grisi. Mwoneshe fundi karatasi iliyo kwenye boksi.

Huku kwetu, kuanzia Makete na Njombe hadi Uyole, asubuhi za Juni na Julai ni baridi kali. Sili iliyogumaa huvuja gari likiwa baridi, na likipata moto inaacha, kwa hiyo mwenye gari anasema "imepona". Haijapona, iweke kwenye orodha ya kununua. Na asubuhi hizo mwachie dereva dakika chache za sailensa, injini ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta, kabla ya kukata usukani hadi mwisho, maana oili nzito ya baridi inapandisha presha ghafla.

Siku ya kufunga

Angalia mstari wa maandishi ubavuni mwa mpira: ukiwa umejizungusha kama kamba, mpira umefungwa ukiwa umesokotwa, legeza nati uunyooshe. Zile washa (pete) za shaba kwenye bolti za banjo, yaani bolti zenye tundu la kupitisha oili, ziwe mpya. Mpira usiguse fremu wala egzosti. Ukitafuta palipovuja, pitisha kipande cha boksi la karatasi, kamwe si mkono. Oili inayotoka kwenye tundu la sindano kwa presha hiyo inapenya ngozi. Jeraha linaonekana kama la kuchomwa na mwiba tu, lakini mtu akipigwa nayo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri kidole kivimbe.

Gari likirudi kutoka safari ya kwanza, kabla halijapakiwa tena, lala chini na tochi utazame ule mstari mweupe wa kalamu kwenye kila ncha. Ukiuona umeachana na kikombe hata kwa milimita moja, mpira umeanza kuchomoka, na unarudi dukani siku hiyo hiyo.