Kabla Hujanunua Stika ya Gari ya Kazi, Uliza Maungio Yataelekea Wapi

Gari ninayoizungumzia ni Toyota Hiace ya mizigo, isiyo na madirisha ubavuni, ambayo kila alfajiri hutoka Mwanakwerekwe, hapa Unguja, na mashuka ya hoteli yaliyofuliwa, ikayafikisha Nungwi na Kendwa, kisha ikarudi na machafu. Mwaka jana niliilipia stika ya gari nzima, nyeupe na buluu, na kwa miezi miwili niliifurahia kila nilipoiona imeegeshwa. Masika yalipoingia, kingo za maungio, yaani pale kipande kimoja cha stika kinapokutana na chengine, zilianza kuinuka moja baada ya nyengine, na kufikia mwisho wa Mei ubavu wa kushoto ulikuwa na midomo minne iliyofunguka, yote imejaa vumbi na chumvi. Rangi haikupauka hata kidogo. Kilichoharibika ni maungio tu, na ndiyo maana sitashughulika hapa na rangi wala mng'aro, mambo ambayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa.

Stika za kuchapisha huuzwa kwa roli, na roli zinazotumika zaidi kwenye magari zina upana wa sentimita 137 au 152. Hiace ya bodi ya kawaida ina urefu wa karibu mita 4.7, kwa hiyo fundi akisimamisha vipande vya sentimita 137 atahitaji vipande 4, yaani maungio 3 kwa kila ubavu. Aliyenifanyia mimi alitumia roli nyembamba ya sentimita 107, nikapata maungio 4. Idadi hiyo ningeivumilia. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba alianzia mlango wa mbele akaelekea nyuma, kila kipande kipya akikilaza juu ya kile kilichotangulia, na kwa hivyo kila ukingo wa juu ukabaki unaangalia mbele, kule kule upepo na mvua vinakotoka gari inapokwenda kasi.

Anayeezeka makuti huanzia upenuni akapanda juu, ili kuti la juu lilalie la chini na maji yateremke bila kupata pa kuingilia. Stika ina kanuni hiyo hiyo, ila yake ina pande mbili: kipande cha juu hukilalia cha chini, na kipande cha mbele hukilalia cha nyuma. Fundi anayeijua kazi yake huanza nyuma ya gari akaja mbele, na huanza chini akapanda. Vipande vipandane kwa kiasi cha sentimita 1. Wako wanaogusanisha kingo bila kuzipandanisha ili zisionekane, lakini stika husinyaa kwa jua, na baada ya muda mstari wa rangi ya gari hujitokeza katikati.

Pahala pa kuweka maungio pana uzito sawa na upande yanaoelekea. Yasiwekwe ndani ya bonde la bati, kwa sababu stika iliyovutwa kuingia bondeni hutaka kurudi ilivyokuwa, na ukingo ndio wa kwanza kuachia. Yasikate njia ya reli ya mlango wa kuburuta, wala yasikae karibu na kitasa ambako mikono hushika kutwa. Pazuri ni kwenye uwazi ambao gari yenyewe inao, baina ya mlango na mlango, au kwenye bati lililo bapa. Gari ya abiria ina nafuu kubwa katika hili, kwani bati lililo chini ya madirisha halizidi upana wa roli, na kipande kimoja cha kulala kinaweza kupita ubavu mzima bila ungio hata moja isipokuwa mikato ya milango. Anayekuchorea nembo naye aambiwe mapema maungio yatapita wapi, ili yasipasue nambari ya simu wala uso wa mtu.

Kuna dhara jengine nililoligundua baada ya kubandua. Fundi alikuwa akikata kwa wembe juu ya bodi, na chini ya kila ungio nilikuta mchirizi ulioingia mpaka kwenye bati. Kwa hewa yetu hii ya bahari, mchirizi wa namna hiyo haukawii kushika kutu. Upo utepe maalumu wenye uzi ndani yake, ambao hubandikwa kwanza, kisha uzi ukavutwa na kuikata stika kutoka chini bila wembe kugusa rangi. Muulize fundi wako kama anao, na kama hajawahi kuusikia, mtafute mwengine.

Sasa nije kwenye chaguo zenyewe. Ninayoiweka mbele, na sifichi kwamba naipenda, ni IJ180 ya kampuni ya 3M, ikifunikwa kwa laminesheni yao ya 8518, yaani utando angavu wa kuilinda chapa. Ni stika ya kumimina, yaani plastiki yake humiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa, laini na nyembamba, inayofuata mikunjo ya bati bila kung'ang'ania kurudi. Gundi yake haishiki kwa nguvu mpaka ikandamizwe, na kwa hiyo fundi anaweza kukisogeza kipande, akakilinganisha na mwenzake, akakiinua tena, na ungio likatoka limenyooka. Kwa mtu ambaye shida yake ni maungio, sifa hiyo peke yake inatosha kulipia zaidi.

Ya pili ni Avery Dennison MPI 1105, nayo ya kumimina, ambayo ningeichukua bila kusita kama ya kwanza haipatikani. Ya tatu ni ORAJET 3951RA ya kampuni ya ORAFOL ya Ujerumani, ambayo ni nzuri vile vile. Yoyote utakayochagua, laminesheni iwe ya kumimina na iwe ya kampuni hiyo hiyo, kwa sababu tabaka mbili zinazosinyaa kwa kasi tofauti huanza kukunjana kwenye kingo.

Stika za bei rahisi zilizotengenezwa kwa plastiki kubanwa baina ya rola za mashine zina kazi yake kwenye mabango na bati bapa. Kwa gari nzima, ziache.

Yanayoniuma zaidi ni mwenendo wa wauzaji. Niliomba bei sehemu tatu hapa mjini, na zote tatu nilipewa bei ya mita ya mraba bila jina la stika, bila upana wa roli, na bila mtu hata mmoja kuniambia maungio yatakuwa mangapi. Ukiuliza kwa nini bei ni kubwa, jibu ni kwamba mzigo umevuka bahari kutoka Dar es Salaam. Ukiuliza ni mzigo gani hasa, hakuna anayekuonesha boksi lenye nambari ya bidhaa. Aliyenifanyia kazi mbovu nilipomrudia alipaka prima, dawa ya kuongeza mshiko wa gundi, kwenye kingo zilizoinuka, akazikandamiza, akanidai pesa nyengine. Wiki moja baadaye zilikuwa zimeinuka tena, na prima hiyo ndiyo iliyofanya kubandua kuwe mateso. Aliichapisha kazi jioni na kuilaminisha asubuhi, ilhali wino wa solventi, yaani wenye kiyeyusho kinachovukiza, unahitaji angalau saa 24 za kutoa mvuke kabla ya kufunikwa, la sivyo gundi hulainika na kingo huanza kuinuka.

Safari hii nimedai mchoro wa ubavu wa gari kwenye karatasi, maungio yamechorwa kwa kalamu nyekundu na mishale inayoonesha kipande kipi kinamlalia mwenzake, na tumeutia saini sote wawili kabla sijatoa shilingi. Dereva naye nimemweleza kwamba mpira wa maji ya presha usisogezwe karibu zaidi ya sentimita 30 na stika, na maji yapigwe yakitoka mbele kwenda nyuma, yasiingie kwenye mdomo wa ungio.