TAHADHARI: Spika za mtumba zilizozibwa rilei, Arusha mjini

Wenzangu mnaokodisha mziki Moshi na Arusha, someni kabla hamjatoa pesa. Kuna duka Arusha mjini linauza spika za mtumba zenye mashine (amplifaya) ndani, na niliyouziwa mimi ilikuwa imezibwa kwa makusudi rilei, yaani swichi ya ulinzi inayokata mashine ikiharibika. Jina silitaji hapa, ila dalili nawapa zote.

Nilinunua mbili kwa shilingi 1,350,000. Dukani zililia vizuri. Jambo moja nililisikia nikalipuuza: spika moja ilipowashwa ilipiga "dhu!" na mziki ukatoka hapo hapo. Nikauliza. Muuzaji akanijibu, "Kaka, hizi za kisasa hazisubirishi mtu."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kipaimara Kibosho. Saa mbili usiku, baba mwenye shughuli ameshika maiki anakaribisha wageni, spika ile ikaanza kuvuma, honi (spika ya sauti nyembamba) ikanyamaza, kisha harufu ya koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, inayoungua. Tulimaliza na spika moja. Mama wa mtoto alinikata nusu ya malipo, na sikuwa na la kumwambia.

Kesho yake fundi wangu wa Majengo akafungua. Koili ya honi ya omu 8 ikiwa nzima husoma kama omu 6 hivi kwenye mita. Yangu haikusoma kitu. Kisha akapima waya zinazotoka kwenye mashine kwenda kwenye honi, mziki haupigwi. Volti 38 za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri! Hapo panatakiwa milivolti chache tu. Volti 38 kwenye omu 6 ni wati 240, zote joto, kwenye waya mwembamba usiotembea.

Sasa ona kilichoniuma. Rilei ya ulinzi ilikuwepo, lakini miguu yake imeunganishwa kwa kipande cha waya na kulehemiwa. Fundi anasema mashine ilikuwa mbovu zamani: ikiwa ya baridi inapiga, ikichemka inaachia DC, rilei inakata. Badala ya kutibu mashine, wakaziba rilei ili isikate mbele ya mteja.

Kwenye spika ya kawaida isiyo na mashine, kati ya amplifaya na honi kuna kapasita ya krosova (kigawa sauti nzito na nyembamba), na DC haipiti kwenye kapasita. Spika yenye mashine ndani hugawa sauti kabla ya amplifaya, kwa hiyo mara nyingi waya wa mashine unaingia moja kwa moja kwenye koili. Rilei ikizibwa, honi haina mlinzi. Ndiyo maana fundi sasa ameniwekea kapasita ya filamu ya maikrofaradi 20 kwenye kila honi. Krosova yangu inakata kwenye hezi 2,000, na kapasita hiyo kwa omu 8 inaanza kukata karibu na hezi 1,000, hivyo sauti haikuharibika. Msikubali kuwekewa kapasita ya kawaida yenye alama ya chanya na hasi.

Nilipompigia muuzaji, hakukana. Alinitajia bei ya daiframu mpya (utando wa honi wenye koili), shilingi 85,000. Jamaa mmoja wa Usa River aliyenunua hapo hapo ameshamlipa daiframu tatu kwa spika ile ile, na kila moja imeungua. Itaachaje kuungua, wakati DC bado ipo?

Ukienda kununua, washa spika ikiwa imepoa na usikilize. Nyingi husubiri sekunde chache kisha rilei inalia "tak". Zipo zinazozima sauti kwa njia nyingine bila rilei, kwa hiyo kukosa "tak" peke yake si ushahidi, ila kishindo kikubwa ni sababu ya kuomba ifunguliwe. Acha ipige nusu saa kwa sauti ya juu, ichemke. Kisha fundi azime, atenganishe honi, awashe tena na kupima DC kwenye waya. Ikizidi milivolti 100, muulize muuzaji sababu. Ikifika volti, ondoka. Na asiingize mkono mara tu umeme unapochomolewa, kapasita kubwa za ndani hubaki na chaji.

Desemba inakuja, watu wanarudi nyumbani na kazi zitakuwa nyingi. Kama tayari unayo spika ya duka hilo inayopiga "dhu!", usiipeleke kwenye shughuli kabla rilei haijaangaliwa. Ukikuta waya umelehemiwa, piga picha kabla fundi hajautoa. Mimi na jamaa wa Usa River tunakusanya picha hizo tumpelekee muuzaji pamoja.