Kifurushi cha sarafu za Kirumi zisizosafishwa: uzoefu wangu

Tangazo lilisema sarafu 20 za shaba, "huenda zikawemo adimu". Nisiwazungushe: adimu hazimo. Mzigo kama huu huwa umeshachambuliwa, vipande vya fedha na shaba kubwa vimetolewa kabla haujafika kwa mnunuzi. Zinazobaki ni shaba ndogo za karne ya 4, milimita 15 hadi 19, nyingi za mfalme wa Kirumi Konstantino Mkuu na wanawe. Kwa anayetaka kujifunza kusafisha na kusoma, bei ni ya haki. Kwa anayewinda faida, apite.

Nyingi zilizosomeka ni za GLORIA EXERCITVS (Kilatini, "utukufu wa jeshi"): askari wawili wamesimama, katikati bendera za kikosi. Hesabu bendera hizo. Zikiwa mbili, sarafu ni ya 330 hadi 335. Ikiwa moja, ni ya baadaye, uzito ulipopunguzwa. Chini ya miguu ya askari ndipo penye herufi za kiwanda kilichopiga sarafu: SMAN ni Antiokia, SMAL Aleksandria. Uadimu, kama upo, hujificha kwenye herufi hizo, si kwenye sura ya mfalme.

Kusafisha ni maji yaliyokenekwa (distilled) tu, ubadilishe kila wiki, mswaki laini, kijiti cha meno na lenzi ya mara 10. Wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Ukinunua "maji ya betri", soma chupa vizuri, maana ipo yenye asidi. Limau na siki usiguse kabisa: baada ya miaka 1,600 ardhini, nywele na nguo za mfalme haziko tena kwenye shaba, ziko kwenye lile ganda la kijani. Ukiliyeyusha unabaki na kidonge chekundu chenye mashimo.

Sarafu mbili zilifika na unga wa kijani mpauko unaochomoka kwa sindano. Hiyo ni kloridi inayokula shaba kila ikipata unyevu. Kwangua unga, kisha loweka kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa yenye gramu 28 za sodiamu kaboneti na gramu 22 za soda ya kuokea. Kikemia mchanganyiko huo ndio magadi yetu, lakini ya dukani usitumie, yana chumvi ya kawaida ndani yake, yaani kloridi ileile unayoikimbia. Suuza sana, kausha kwenye oveni ya moto mdogo, paka nta.

Ufungaji ni mbaya: vifuko vya plastiki laini ya PVC, vinavyoacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Zitoe siku hiyohiyo. Karatasi za kuonyesha sarafu zilikotoka hazikuwepo, na nilipouliza nikajibiwa "Ulaya" basi. Anayeagiza akiwa Marekani ajihadhari: mwaka 2011 baadhi ya sarafu za kale za Italia zilianza kuzuiwa forodhani zisipokuwa na hati.

Nyota 3 kati ya 5.