PEI nyoofu ya kilodaltoni 25: rahisi mfukoni, kali kwa seli

Kwa wanaoingiza jeni kwenye seli za saratani bila virusi, polima hii, polietilenimini (PEI), inayobeba DNA hadi ndani ya seli, bado ni chombo cha kutegemewa. Gramu moja ya unga hutoa lita nzima ya myeyusho wa miligramu 1 kwa mililita, na kishimo kimoja cha sahani ya vishimo 24 hula mikrolita 1.5 tu. Lipidi za kuingizia jeni zinazouzwa kwa vichupa vya mililita moja hazioni ndani kwa bei.

Kasheshe iko kwenye kuyeyusha. Unga haukubali maji baridi. Pasha maji hadi karibu nyuzi 80 za Selsiasi, koroga, shusha pH hadi 7 kwa asidi ya hidrokloriki, acha ipoe, chuja kwa mikromita 0.22, gawa, gandisha. Chembe zikibaki, usikimbilie chujio: utatupa PEI yenyewe na kubaki na myeyusho usiojulikana nguvu yake. Angalia pia lebo. Ile ya kilodaltoni 40 yenye kloridi nayo ni PEI nyoofu, ila iko katika umbo la chumvi ya hidrokloridi. Miligramu moja yake ina kama miligramu 0.54 tu za polima, kwa hiyo vipimo vya zamani havifai.

Kwa kishimo kimoja: mikrogramu 0.5 za plasmidi (pete ya DNA inayobeba jeni) na 1.5 za PEI, kila moja kwenye mikrolita 25 za chumvi ya kawaida ya milimola 150. Mimina PEI juu ya DNA kwa mkupuo mmoja, tikisa, subiri dakika 15. Ukizidisha sana muda, chembe za PEI na DNA hushikamana na kuangukia seli kama mchanga. Seramu isiwepo wakati wa kuchanganya, kwa sababu protini zake hung'ang'ania chaji chanya ya PEI. Seli zikijikunja na kung'oka, punguza PEI kwanza, kisha badilisha midia (kimiminika cha kukuzia seli) baada ya saa nne.

HEK293, seli za figo za kiinitete cha binadamu, huipokea vizuri. Jurkat, seli za saratani ya damu, hazifai, hizo zipelekwe kwenye mshtuko wa umeme.

Kwa mnyama, mambo hubadilika. Chembe zenye chaji chanya zikichomwa mshipani hunasa kwenye mapafu kabla ya kufika kwenye uvimbe. Wagonjwa wa saratani ya kibofu waliojaribiwa BC-819, plasmidi iliyobebwa na PEI, yenye jeni ya sumu ya dondakoo chini ya swichi ya jeni iitwayo H19, waliwekewa dawa moja kwa moja kibofuni kwa mpira wa mkojo. Hata hivyo, usimchome panya unga huu wa maabara: kuna PEI iliyotengenezwa mahususi kwa mnyama, na huchanganywa kwenye glukosi ya asilimia 5, si chumvi.