Neo Geo yangu: kaseti nane, ngumi saba

Nyota mbili, na hiyo ya pili nimeitoa kwa heshima ya joistiki tu. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka tathmini ya kistaarabu, yenye jedwali na alama za picha na sauti, akasome kwingine, zipo tele. Mimi nina swali moja kuhusu Neo Geo, mashine ya gemu za video ya kampuni ya SNK ya Japani: kwa nini karibu kila kaseti ninayochomeka wanasimama watu wawili wanatazamana, sauti inapiga kelele, wanaanza kuzichapa?

Mashine niliinunua mtandaoni, kuukuu, ile ya nyumbani, miezi kadhaa sasa. Tangazo la muuzaji lilisema inakuja na "kaseti nane, mchanganyiko wa kila aina". Someni tena hapo: kila aina. Boksi likafika, nikazipanga mezani. Fatal Fury. Fatal Fury 2. Art of Fighting. World Heroes. World Heroes 2. Samurai Shodown. The King of Fighters '94. Yaani ngumi, ngumi, ngumi, ngumi, ngumi, panga, ngumi. Ya nane ilikuwa Magician Lord, gemu ya mchawi anayesonga mbele, anaruka, anafyatua miale na kujigeuza viumbe mbalimbali. Moyo ukatulia kidogo. Nikasema afadhali, kuna moja ya kupumzishia macho.

Sasa nisikilizeni. Kati ya kaseti nane, iliyokuwa mbovu ni hiyo hiyo.

Na haikuwa mbovu kwa adabu, ikazima nikajua moja. Muziki ulianza vizuri kabisa, wa kutisha, wa kuvutia, mtu unakaa sawa kwenye kiti. Kisha mchawi akatokea: mguu huku, bega kule, na katikati mistari ya waridi inayotetemeka. Adui wanakuja wakiwa vipande. Risasi huzioni, unaona tu umekufa. Nilichomoa nikachomeka tena, nikapuliza vumbi, wapi! Nikaitazama vizuri chini kwenye mdomo. Kaseti ya Neo Geo ni nene kama kamusi, na ndani yake kuna bao mbili za saketi, kila moja na safu zake za meno. Ubao mmoja meno yanang'aa. Wa pili yameota kutu ya kijani kwenye ncha. Nikachukua pamba na spiriti nikasugua taratibu. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, zilizofuata za kijani, na mwishowe ikawa inatoka nyeupe. Nikachomeka. Mchawi akapata miguu yote miwili lakini hana kichwa.

Nikamwandikia muuzaji. Kwa upole kabisa, na picha juu. Alikaa kimya hadi nikadhani kanifungia, halafu likaja jibu, nalinukuu lote kwa kuwa halikuwa refu: "Kaka, si zingine saba zinawaka? Cheza hizo. Zote ni zile zile tu."

Zote ni zile zile tu! Mtu aliyeandika "kila aina" kwa mkono wake!

Hapo ndipo nilipoichukia mashine nzima, na najua mtasema kosa ni la muuzaji, mashine imefanya nini. Mashine imefanya mengi. Muuzaji asingepata ujasiri wa kuniandikia vile kama hii ingekuwa mashine nyingine. Ukiuziwa kaseti nane za Super Nintendo bila kuchagua, utakuta humo mbio, mpira, mafumbo, safari ndefu za mashujaa, na ngumi moja au mbili. Kwenye Neo Geo, ukichota bila kuangalia unachota ngumi.

Na kinachoniuma ni kwamba haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1990 ilipotoka, gemu za kwanza kabisa hazikuwa na hata moja ya kupigana ana kwa ana. Kulikuwa na NAM-1975 ya vita, Baseball Stars Professional, gofu, pikipiki, mahjong, na mchawi wangu. Karamu kamili. Kisha 1991 kampuni ya Capcom wakatoa Street Fighter II, gemu ya ngumi, kumbi za mashine za sarafu zikachachamaa, na SNK wakaona njia. Walikuwa na mtu wa kuwafaa: Takashi Nishiyama, aliyeongoza Street Fighter ya kwanza kule Capcom mwaka 1987, alikuwa ameshahamia kwao. Mwisho wa 1991 Fatal Fury ikatoka. Baada ya hapo mlango ukafungwa nyuma yetu.

Sababu ni sarafu, wala haifichiki. Gemu za mashine hii zilikuwa ukumbini kwanza, na kaseti ya nyumbani ilibeba gemu ile ile bila kupunguzwa. Kule ukumbini kabati moja liliweza kukaa na kaseti hadi sita, na mwenye ukumbi akiona moja haileti hela anachomoa, anaweka nyingine. Sasa piga hesabu kwa kichwa chake. Kwenye gemu ya mchawi mtu mmoja anatia sarafu, na akiwa fundi anakaa pale mpaka wenzake wanaondoka. Kwenye ngumi wanatia wawili, dakika chache mmoja yuko chini, wa nyuma yake tayari ana sarafu mkononi, na aliyepigwa anajisachi mifukoni kwa sababu hawezi kuondoka na aibu ile. Ungekuwa wewe ungechomoa ipi?

Basi wakamiminika wote. Alpha Denshi, hao hao waliomtengeneza mchawi wangu, mwaka 1992 wakaleta World Heroes, wakairudia mpaka zikawa nne, na kati yake wakapata nafasi ya kutengeneza ngumi nyingine. Sunsoft wakaja na Galaxy Fight. Data East walikuwa wameshashtakiwa na Capcom kwa kufanana mno na Street Fighter, Capcom wakashindwa kesi, na mwendelezo wa gemu iliyoshtakiwa ukatua wapi? Neo Geo, wapi tena. Hata Double Dragon, ndugu wawili tuliowazoea wakitembea mtaani wakichapa wahuni, ilipofika hapa mwaka 1995 ilisimamishwa, ikawekewa mistari miwili ya uhai juu ya skrini, wakaambiwa wapigane ana kwa ana. The King of Fighters ikawa inatoka kila mwaka, 1994 mpaka 2003, bila kuruka hata mmoja.

Nawaona mnaotaka kunitajia Metal Slug. Naijua. Windjammers pia naijua, na Puzzle Bobble. Ni gemu tamu, na ndizo zinazotolewa mfano wa zisizo za ngumi kila mtu akilalamika, kila siku hizo hizo. Jaribuni kuitafuta kaseti halisi ya Metal Slug ya mashine ya nyumbani kisha mje mniambie mmeulizwa bei gani. Mimi nazungumzia zinazopatikana kwa mtu wa kawaida, na hizo ni ngumi.

Kwa hiyo nikacheza zile saba. Ningefanyaje, zimeshalipiwa.

Fatal Fury ya kwanza imechoka, ila mandhari yake inabadilika kutoka mchana kwenda usiku kadiri mnavyopigana, na hilo sikulitegemea. Art of Fighting inakera mno: ukicheza hadithi unachagua Ryo au Robert, basi, wengine wote ni wa kupigwa tu. Lakini nyuso zinavimba. Ukimpiga mtu sana usoni, picha yake mwisho wa raundi imejaa manundu. World Heroes sina la kuisifia. Wamekusanya watu wa historia kutoka kila pembe, mmoja ni Rasputin ambaye mikono yake inageuka mikubwa kuliko mwili anapokupiga, wakaweka na ulingo wenye mitego, na bado inachosha. Ya pili inachosha kwa watu wengi zaidi.

King of Fighters '94 ndiyo iliyonirudisha kwenye hasira. Timu ya watu watatu, huruhusiwi kuchanganya, ukimpenda mmoja unachukua na wenzake wawili usiowataka. Unapambana, unafika kwa Rugal, adui wa mwisho kabisa, unamtoa jasho, unamwangusha. Anavua koti. Uhai umejaa tena. Halafu anaanza kupigana kwa dhati, teke moja la kupinda nusu ya mstari wako imekwenda. Huyu hakutengenezwa kushindwa na mtu aliyekaa nyumbani kwenye kochi, alitengenezwa kula sarafu, na hapa nyumbani, kwa kukosa sarafu, anakula roho yangu. Hapo nikashusha hadi nyota moja.

Tatizo ni Samurai Shodown.

Niliiacha mwisho kwa makusudi, nikijua ni ngumi zilizovalishwa panga. Jamani. Ile gemu mnasimama kimya. Upepo unavuma, nyasi zinalala, na kwa muda hakuna anayefanya kitu kwa sababu pigo moja zito la Haohmaru, mmoja wa wapiganaji, linachukua sehemu kubwa ya uhai. Kamera inajivuta nyuma mkiachana na kuwasogelea mkikaribiana. Panga zikigongana mnasukumana, mnabonyeza vitufe kwa fujo, na mmoja upanga wake unaruka, anabaki mikono mitupu anaukimbilia. Katikati ya haya yote mbeba mizigo anapita nyuma mbio, anarusha nyama ya kula au bomu, hujui lipi, na amekwenda zake. Mwamuzi mwenye nguo nyeusi anainua bendera kama vile hajaona kitu. Gemu ya 1993! Mdogo wangu, ambaye hajali kabisa mambo ya zamani, alikaa chini "mara moja tu" na sikumtoa tena. Alimchagua Nakoruru na mwewe wake, akanipiga, akaomba nichague mwingine, akanipiga tena.

Na hapo ndipo jibu la muuzaji lilipoanza kuniuma upya, safari hii kwa sababu nyingine. Zote ni zile zile tu? Ile subira ya Samurai Shodown na fujo za World Heroes ni kitu kimoja? Huyu mtu hajawahi kucheza hata moja anazouza. Najua nimetumia nusu ya maandishi haya kulalamika kwamba zinafanana. Zinafanana, na mimi nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nimezicheza. Yeye hana.

Kwa hiyo tuseme nyota tatu. Nne kwa anayeishi na mtu wa kucheza naye, maana mashine hii peke yako ni adhabu, wawili ni jambo lingine kabisa. Mbili kwa anayependa kucheza taratibu, akihifadhi safari yake na kuiendeleza wiki nzima. Joistiki inabaki na nyota yake: mkongojo unapiga kliki safi ukiuzungusha, na robo duara, ule mzunguko wa kutoa mapigo maalum, inatoka unavyotaka, hata ukiwa umechoka.

Muuzaji nilimbana. Nilimtumia picha ya tangazo lake, maneno "kila aina" nimeyazungushia duara jekundu, na mwisho akakubali kunibadilishia kaseti mbovu. Hakutaka hata nimrudishie ile ya zamani. Nikasubiri kwa hamu, kaseti nyingine ya mchawi yule yule, au angalau gofu, gofu ningeipokea kwa mikono miwili. Juzi juzi ikafika. Nimefungua karatasi: Fatal Fury Special. Pamoja na ujumbe kwenye simu: "Nimekupa nzuri zaidi kaka, hii ni Special."

Ni nzuri kweli. Ndani yake kuna Ryo wa Art of Fighting amefichwa, ukimfikia unapigana naye, na mdogo wangu tayari anamtafuta usiku na mchana. Lakini sikuomba ngumi ya nane! Sasa muuzaji ananiandikia nimpe nyota tano kwa kuwa "tumeshamalizana". Hatujamalizana. Mwenye Magician Lord yenye kichwa na miguu yote tuelewane: natoa World Heroes zote mbili, na Rasputin wake.