Filamu za Out of Africa na The Royal Tour: ipi humvuta mgeni wa kitalii zaidi?
Out of Africa (1985), inayosimulia maisha ya mwandishi Mdenmark Karen Blixen nchini Kenya, ilizoa tuzo 7 za Oscar, na mwaka uliofuata nyumba yake jijini Nairobi, karibu na vilima vya Ngong, ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mgeni huja kukanyaga mahali pa kisa alichokipenda. Kinachoniuma ni kwamba ile ni Kenya ya walowezi. Waafrika wamewekwa pembeni.

The Royal Tour (2022), filamu ya kuitangaza Tanzania kwa watalii, haina kisa. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe anamtembeza mwanahabari Peter Greenberg nchini Tanzania. Mwenyeji ndiye msimulizi, na hilo nalithamini sana.

Hata hivyo, kwa mvuto wa miaka mingi, naichagua filamu yenye kisa. Natamani Tanzania ipate ya kwake, iliyoandikwa na Watanzania.