Saor Éire au Republican Congress: ipi ilikuwa njia bora?

Ubishi huu, kuhusu vyama viwili vya kisoshalisti vya miaka ya 1930, hauishi kwa wanaofuatilia mrengo wa kushoto wa Ireland, na mwandishi na mwanaharakati Peadar O'Donnell alikuwemo kote kuwili.

Kwa nguvu ya kuanzia, Saor Éire iko mbele. Ilizinduliwa Dublin Septemba 1931 ikiwa na baraka za uongozi wa IRA, jeshi la siri lililopigania jamhuri ya Ireland. Lakini iliegemea mno jeshi hilo la siri. Oktoba serikali ikaipiga marufuku, maaskofu Wakatoliki wakailaani, ikafa.

Republican Congress ilianza Athlone, Aprili 1934, bila kinga hiyo: IRA iliwakataza wanachama wake kujiunga. Kwa mizizi, hata hivyo, naipa ushindi bila kusita. Ilisimama na wapangaji wa makazi duni ya Dublin waliogomea kodi. Juni mwaka huo wafanyakazi Waprotestanti wa Shankill, Belfast, walifika na bango lao Bodenstown, kwenye kaburi la Wolfe Tone, baba wa harakati za jamhuri ya Ireland. Watu wa IRA wakawazuia na kugombania bango. Tukio hilo linaniuma hadi leo, maana Tone mwenyewe alikuwa Mprotestanti.

Kwa umoja, zote zilifeli. Congress iligawanyika Rathmines, Dublin, Septemba, kura 99 kwa 84: muungano mpana, au kudai jamhuri ya wafanyakazi moja kwa moja? Kufikia 1936 ilikuwa imekwisha, na Frank Ryan, mmoja wa viongozi wake, akaenda kupigana Hispania.

Ukichunguza jinsi dola na kanisa vinavyozima chama, anza na Saor Éire. Kama unaandaa wapangaji au wafanyakazi wa dini tofauti, Congress ina mengi ya kukufaa.